Rangi ya Kucha kwenye Waya

Mtaani kwetu Rau hakuna aliyemwita kwa jina. Jina lake la ubatizo liko kwenye kitabu cha usharika, na la ukoo wanalijua huko Old Moshi alikotoka. Sisi tulimwita Mama Chaji, naye aliitika bila kinyongo. Mgeni akiuliza fundi wa sola aliambiwa ashuke na njia ya msituni mpaka aone paneli zimeegemezwa kwenye ua wa mimea ya masale kama magodoro yaliyoanikwa. Hapo apige hodi kwa sauti, kwa sababu mwenyewe akiwa na betri mbele yake hasikii kitu.

Jina alilipata zamani, umeme ulipokuwa haujapanda kwenye migomba ya huko juu. Alikuwa na betri mbili za lori, na watu walimletea simu kutoka vijiji vitatu. Umeme ulipofika, wengi walidhani habari yake imekwisha. Kumbe umeme nao una mambo yake, unakuja na kuondoka upendavyo, na kila aliyebaki gizani alimkumbuka Mama Chaji.

Nimejuana naye zaidi ya miaka kumi, na ndani yake kuna mwaka mmoja na nusu ambao hatukusemezana. Nitafika huko.

Ni mfupi, ana mabega mapana, na juu ya kitenge huvaa koti la bluu la fundi lililokuwa la marehemu mumewe. Mfuko wa kushoto ulikuwa na mita ya kupimia umeme, imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, kioo chake kimepasuka kwenye kona. Mfuko wa kulia una kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. Hicho kichupa kiliwahi kuleta maneno. Akina mama wa kanisani walimuuliza, kwa upole wa Kikristo, kama ni kweli mjane wa umri wake ananunua rangi ya kucha kila mwezi. Akaweka mikono mezani. Kucha zilikuwa zimekatwa mpaka kwenye nyama na zina weusi wa risasi ya betri.

"Napaka nyaya," akasema. "Nyaya hazina aibu."

Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake. Waya wa chanya ukishapimwa aliupaka tone moja jekundu, hata kama waya wenyewe una rangi yake tayari. Hakuamini rangi za kiwandani. Alikuwa ameona nchi moja wanafanya nyeusi kuwa hasi na nyingine wanafanya nyeusi kuwa chanya, na fundi wa Tarakea akifunga kwa kamba ya viatu ikibidi. "Rangi ni neno la aliyefunga," alituambia. "Mita ndiyo neno la waya mwenyewe." Tuliosikia maneno hayo mara mia tuliyasema pamoja naye, na yeye aliendelea tu kana kwamba hajatusikia.

Sasa mtu huyo huyo, ngurumo ikianza mlimani, alikuwa anaacha kila kitu, anakimbilia ndani na kufunika vioo vyote kwa vitenge. Nilimkuta hivyo siku moja, amekaa kitandani, viatu mkononi. Nilimcheka mpaka nikakaa chini.

"Umeme wa betri nimeujua," akaniambia. "Ule wa Mungu sijaujua. Nawe kaa mbali na mlango."

Alikuwa na mengine ya namna hiyo. Alifunga taa za sola kwenye nyumba za watu huku jiko lake likimulikwa na koroboi, kwa madai kwamba chungu hakihitaji taa ili kiive. Aliwagombeza wateja kama watoto wa shule, kisha akawafukuzia mpaka langoni na chupa ya maziwa ya ng'ombe wake. Na neno samahani sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Akikukanyaga alisema, "Mguu unakaa ndani, mbe," kana kwamba kosa ni lako. Huku kwetu isale ni jani la kuombea msamaha: aliyekosa hulipeleka kwa aliyekosewa, na aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Yeye alikuwa na ua mzima wake. Tulitania kwamba hakuna mtu Rau mwenye masale mengi kama Mama Chaji, na hajawahi kuchuma hata moja.

Mimi ni dereva na mpishi wa safari za kambi. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua tela kwa mzungu mmoja na mkewe waliozunguka nalo Afrika hadi wakachoka wakiwa Moshi. Lina kitanda, lina jiko linalofunguka kwa nyuma, lina friji, na chini ya kitanda kuna betri mbili. Waliniachia na paneli ya sola inayokunjwa kama sanduku la safari. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikiwa na friji inayokaa baridi siku nne bila kuwasha injini, nawapeleka wageni mahali ambapo wenzangu hawawezi.

Nilifungua paneli uani, nikachomeka kwenye tundu la tela, nikasubiri. Siku mbili za jua la Moshi, lile la kukausha mahindi, na betri zinashuka tu. Nikaenda kupiga hodi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

Alikuja kwa miguu. Alizunguka tela mara moja, akainama nyuma ya paneli, akainama chini ya kitanda, kisha akacheka peke yake kwa muda.

"Umeweka walinzi wawili kwenye mfongo mmoja," akasema.

Mfongo ni mfereji wa maji unaotoka mlimani kwenda kwenye vihamba vya migomba, na Mama Chaji alifundisha umeme wote kwa mfongo. Jua ni chemchemi inayojaza bwawa. Betri ni shamba. Katikati kuna kifaa kidogo, kontrola, na hicho ndicho mlinzi wa maji: anafungua shamba likiwa kavu na kufunga likishiba. Paneli yangu ilikuja na kontrola yake mgongoni, na tela nalo lilikuwa na ya kwake. Huyu wa juu anataka kuona shamba ndipo afungue, huyu wa chini anataka kuona chemchemi, wanaangaliana, na migomba inakauka. Akaing'oa ile ya mgongoni, akaunganisha waya wa paneli moja kwa moja mpaka kwenye kontrola ya tela. Baada ya nusu saa friji ilikuwa inanguruma. Nikamwangalia kama mtu aliyeona maji yakipanda kilima.

Kabla hajaondoka alinipa amri moja, akanikaririsha. "Ukifika kambini, betri kwanza, jua mwisho. Kontrola ilione shamba kabla haijaona maji. Babu zetu walifungua wapi kwanza?"

"Shambani, Mama."

"Halafu?"

"Bwawani."

"Ukifungua bwawa na shamba limezibwa?"

"Kingo zinabomoka."

"Aika," akanishukuru kwa Kichaga. "Chukua maziwa yako."

Kwa misimu miwili tela lilinilisha vizuri. Nikapata jina. Wakala mmoja wa safari akawa ananipa wageni wake wa kambi kwa sababu siagi yangu ilikuwa siagi, haikuwa mafuta ya kumimina. Tatizo lilibaki moja: waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo ili paneli ipate jua ilibidi na tela liungue juani pamoja nayo. Nikamwomba Mama Chaji anitengenezee mwingine mrefu, tela likae mtini na paneli ikae mbali.

Alinitengenezea. Nyaya mbili nyeusi, hatua kumi na tano, ncha safi kama mshono wa cherehani. Siku hiyo kulikuwa na mawingu, na tela lilikuwa kwa mchomeleaji, kwa hiyo hatukuweza kujaribu kitu kizima. Alichomeka waya kwenye paneli, akapima ncha ya pili kwa mita yake, akasoma, akatoa kichupa, akapaka tone jekundu kwenye waya mmoja. Mimi nikaenda nao kwa mchomeleaji, nikafunga kwenye plagi ya tela kama tone lilivyosema.

Kesho yake nilikuwa upande wa magharibi wa mlima na wageni sita waliotaka chai. Safarini huwa natoa fyuzi ya betri, hiyo nayo ni amri yake. Nilifungua paneli, nikachomeka, nikaenda kubandika maji, ndipo nikakumbuka fyuzi. Nikaiweka. Nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua kutoka chini ya kitanda.

Kontrola ilikuwa imekufa. Friji iliendelea kunywa betri bila kurudishiwa kitu, nami kwa tamaa ya kuokoa nyama sikuizima, hadi betri zote mbili zikaisha kabisa na hazikuamka tena. Siku ya pili maziwa yaliganda. Siku ya tatu wageni wangu walikula kabeji na wali, wakasema ni kitamu, na mmoja wao akaandika barua kwa wakala. Wakala hakunipigia simu msimu ule wala uliofuata.

Nilipeleka ile kontrola kwa Mama Chaji imefungwa kwenye gazeti. Akainusa. Akauliza swali moja tu.

"Ulianza na nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilisema, "Nilianza na sola, Mama. Wageni walikuwa wanataka chai."

Akaifunga tena kwenye gazeti, akanirudishia. "Basi umeua betri kwa ajili ya chai."

Angeishia hapo ningemeza. Lakini Jumapili iliyofuata tulikuwa nje ya kanisa kwenye mnada. Kwetu, ibada ikiisha, sadaka za mavuno zinanadiwa uani: mikungu ya ndizi, kuku, maboga. Mnadishaji alikuwa ameinua mkungu, akanitaja mimi niongeze dau. Mama Chaji akasema kwa sauti yake ya kupigia hodi, "Huyo msimwachie kitu chenye uhai. Ameua betri mbili."

Watu walicheka mpaka mchungaji akatoka kuangalia. Kuanzia siku hiyo nikawa Muua Betri. Watoto waliniita hivyo, muuza mafuta kituoni aliniita hivyo, hata mke wangu aliniita hivyo siku nilipounguza wali. Nami nilikuwa nacheka nao mchana kutwa, nikifika nyumbani nakaa kimya. Kilichoniuma si jina. Kiliniuma kwamba alikuwa na haki. Amri aliyonikaririsha kama katekisimu niliivunja kwa sababu ya birika.

Sikurudi kwake. Nilipata fundi mwingine mjini, akaniwekea kontrola mpya na betri, lakini paneli niliogopa kuigusa. Nilichaji kwa injini kama wenzangu wote, na siagi yangu ikawa ya kumimina kama ya wenzangu wote. Ule waya mrefu niliutundika kwenye msumari stoo nisiuone. Njia ya msituni niliiacha, nikawa nazunguka kwa juu. Kanisani nilikaa upande wa wanaume nyuma ya nguzo. Yeye naye alipita bila kuangalia nguzo.

Nilimkosa, nisiseme uongo. Hakuna mtu aliyewahi kunigombeza vizuri kama yule mama.

Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, nilisikia hodi ya kugonga bati kwa jiwe. Alikuwa langoni, koti la bluu, anahema. Hakusubiri shikamoo imalizike.

"Ule waya wangu mrefu uko wapi?"

"Uko stoo, Mama."

"Na ile paneli?"

"Ipo pia."

"Toa vyote."

Nilivitoa. Tukafungua paneli uani, nikachomeka waya kama siku ile. Yeye akatoa mita mfukoni, na niliona si ile. Ilikuwa mpya, ya njano, haina mpira wa baiskeli. Akaweka ncha nyekundu ya mita kwenye waya wenye tone la rangi ya kucha, ncha nyeusi kwenye mwingine. Hakuangalia kioo. Akanigeuzia mimi.

"Soma."

"Ishirini," nikasema.

"Soma vizuri. Anza kushoto."

Kushoto kwa ile ishirini kulikuwa na kistari kidogo. Wanaojua mita wanajua kistari hicho kinasema nini: umeshika kinyume, unachokiita chanya ni hasi. Lile tone jekundu lilikuwa kwenye waya usio wake. Nami niliufunga kama tone lilivyosema, na jua lote la magharibi ya mlima liliingia kwenye kontrola yangu kinyumenyume.

"Kuku alipanda mezani akaiangusha ile ya zamani," akasema, macho kwenye waya. "Muda mrefu, kabla ya waya wako. Kona ya kioo ikafa, na kistari kinakaa kwenye kona hiyo hiyo. Juzi napima betri ya mtu ambayo naijua, nimeshika kinyume makusudi, mita inaniambia sawa. Nikageuza, inaniambia sawa. Kila nilichoiuliza ilikuwa inanijibu sawa." Akachomoa waya kwenye paneli. "Wengine wote niliwafungia mwenyewe kwenye nyaya zenye alama ya kiwanda, zikalingana kwa bahati. Zako zilikuwa nyeusi zote mbili."

Akakunja waya taratibu, akauweka chini ya kwapa.

"Kesho usikae nyuma ya nguzo," akasema, akaondoka. Hata maji hakunywa.

Usiku ule mke wangu aliniuliza mara tatu kama naumwa. Jumapili nilikaa mbele. Ibada ikaisha, tukatoka uani, mnada ukaanza. Mnadishaji aliinua mkungu wa kwanza, akafungua kinywa, na Mama Chaji akasimama akamwambia ashushe kwanza.

"Nilisema jambo hapa," akasema. "Nilisema huyu dereva ameua betri mbili. Betri niliziua mimi. Nilimwekea rangi kwenye waya usio wake, kwa mita mbovu, na niliposikia harufu sikupima tena, nilimuuliza swali moja tu kwa sababu jibu lake nilikuwa nalijua tayari. Nilimsema mnadani, sasa najisema mnadani."

Kisha akaingiza mkono kwenye koti, mfuko wa kulia, ule wa rangi ya kucha, akatoa isale. Lilikuwa bichi, amelikunja fundo kama wanavyolikunja wazee. Akapita katikati ya watu na kuku na maboga hadi niliposimama. Mtu wa umri wake, mama, kwa mtu wa umri wangu. Mimi ndiye nilipaswa kuinama kwake kila asubuhi. Hakuna aliyecheka. Mnadishaji alikuwa bado amekumbatia mkungu wake kama mtoto.

Nililipokea kwa mikono miwili. Nikasema nilichoweza kusema.

"Mama, lakini hata mimi nilianza na sola."

"Najua," akasema. "Hilo lako tutalitazama Jumatatu. Uje na tela."

Hapo ndipo uani palipolipuka kwa kicheko, na yeye akacheka kwanza kuliko wote, meno yote nje. Mnadishaji akapata sauti yake, akauliza nani anaanza dau kwa lile isale.

"Hilo haliuzwi," Mama Chaji akamwambia. "Uza ndizi zako."

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye ua wa masale na tela langu. Nilipiga hodi kwa sauti, nikafungua mlango wa nyuma, nikasubiri atoke aone. Kisha nikaanza na betri.